Siku Walipohamisha Meza ya Dharura

Nimestaafu. Mliniandalia sherehe nzuri, mkanivisha kitenge, na mkubwa aliyetumwa kuja kuniaga akakosea jina langu mbele ya watoto wangu. Baada ya wali na hotuba, mmoja wenu akanisogelea akasema, "Mama, tuandikie basi, na sisi tulioingia juzi tujue mlikuwa mnafanyaje kazi." Nimekubali. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za mafuta na umeme, maana katika miaka yangu yote kazini hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vikifanyiwa mageuzi, na kila mageuzi yalipopita huku kwetu Manyoni kuna mtu yaliyemwacha chini. Naandika nikiwa na hasira. Msiniombe niipunguze. Nimeizuia mpaka siku ya kustaafu, na nadhani huo ni ustaarabu wa kutosha.

Nimezaliwa Singida mjini, katika nyumba ya wafanyabiashara. Babu alitoka Tabora, bibi Kondoa, wakakutana sokoni na kubaki hapo hapo. Baba aliuza mafuta ya taa, duka lake limepakana na la Wahindi wauza vitambaa, ambao walilalamika kila mwaka kwamba harufu yetu inaingia kwenye majora yao. Ilikuwa kweli inaingia. Hata sisi watoto tulinuka mafuta ya taa mpaka darasani. Nilipopata kazi kwenye shirika la umeme, baba akaniambia, "Salma, yaani unakwenda kunifungia duka." Alisema anacheka. Duka lilikuja kufungwa kweli, lakini si umeme uliolifunga.

Siku ya kwanza Manyoni nilikuta mtambo wa dizeli ndani ya banda la mabati, unanguruma mpaka chai inatetemeka kikombeni. Aliyenipokea ni Mzee Msengi, Mnyiramba mrefu mwenye macho mekundu ya moshi, mkuu wa zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuandika unaweza?"

"Naweza."

"Na kunyamaza?"

Nikanyamaza.

"Basi kazi umepata," akasema, akanionyesha kiti.

Kiti hicho kilikuwa mbele ya meza ya dharura. Ninyi mnaisikia tu, kwa hiyo nieleze. Ilikuwa meza ya mbao yenye simu moja na redio ya kuwasiliana na mafundi, na ukutani nyuma yake ramani ya laini zote za wilaya. Mwananchi akiona nguzo imelala au nyaya zinatoa cheche, anapiga simu, mimi napokea. Fundi anakwenda. Akifika anaomba kwenye redio laini izimwe, mimi namwambia mtu wa swichi, yule anazima, anafunga swichi kwa kufuli, ufunguo anautia mfukoni, ananijibu. Ndipo namwambia fundi kwamba imezimwa, na yeye anarudia maneno yangu. Naye hapandi bado. Anaupima waya kwanza kwa fimbo yake ndefu, anauunganisha na ardhi, ndipo anafunga mkanda na kupanda.

Nilipoanza nilisema kwenye redio, "Nadhani imeshazimwa." Mzee Msengi alininyang'anya kisemeo taratibu, akamwambia fundi asubiri, akanigeukia. "Hilo neno 'nadhani' ni la kwenu dukani. Hapa kuna mtu yuko juu ya nguzo." Hakupandisha sauti. Alinikalisha pembeni siku nzima nisikilize tu, na kesho yake akanirudishia kisemeo kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiye mwalimu niliyempata, na nimefanya kazi na wenye shahada nyingi tangu hapo, baadhi yao wazuri sana.

Haukupita muda mrefu umeme wa gridi ya taifa ukafika. Mtambo ukabaki wa akiba, banda likakaa kimya, na tukafurahi. Sitasema uongo kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Zamani lori la dizeli likikwama njiani kutoka pwani, wilaya nzima ililala gizani, na hospitali ilipima wagonjwa kwa tochi.

Mageuzi ya kwanza niliyoyaona kwa macho yangu yalikuja upande wa mafuta. Mwanzoni mafuta yote ya nchi yaliletwa kwa mlango mmoja, wa serikali. Baadaye mlango ukafunguliwa, kampuni binafsi zikaruhusiwa kuagiza na kuuza, na vituo vya mafuta vikaota kando ya barabara kuu kama uyoga. Foleni zikaisha. Hilo lilikuwa jema na nilisema hivyo. Kilichofuata hakikuwa chema. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kwa sababu ni ya maskini, na wenye malori wakagundua kwamba ukiyachanganya kwenye dizeli hakuna anayeona. Gari letu la dharura likaanza kukohoa. Siku moja lilizimika kwenye mteremko wa Kilimatinde likiwa limebeba ngazi na mafundi wanne, na makanika alipofungua pampu akatuita tuje tunuse. Mimi sikuhitaji kusogea. Harufu ile nimekua nayo.

Serikali iliona, ikachukua hatua. Hatua yenyewe ilikuwa kupandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ifanane na dizeli, ili mchanganyaji asipate faida. Kwenye karatasi ni hesabu safi. Wiki ile bei ilipopanda nilikuwa likizo Singida, nimekaa dukani kwa baba. Akaingia Mama Njou wa Mkiwa, mteja wake wa miaka mingi, aliyeuza chai na maandazi pale njia panda kwa mwanga wa koroboi. Akaambiwa bei. Akaweka chupa yake juu ya kaunta, akauliza kwa upole kabisa, "Mzee, mimi nimechanganya nini kwenye dizeli?"

Baba alimjazia chupa, na mama yule alipoondoka, yeye akakaa akitazama mlango. Wateja wa namna ya Mama Njou ndio waliokuwa duka lake. Walipoacha kuja, akafunga. Nimekutana na wasomi wanaosema hatua ile ilifanikiwa, na kwa upande wa injini ilifanikiwa. Nawauliza kwa nini mwenye lori alipofanya kosa, aliyekaa gizani akawa Mama Njou. Huwa wananijibu kwamba suala hilo lina pande nyingi. Mimi nimeuona upande mmoja, na ulikuwa umebeba chupa.

Kisha mageuzi yakahamia kwetu kwenye umeme. Tukaambiwa shirika ni zito, linahitaji kupunguzwa na kukatwa vipande, wanaozalisha wakae peke yao, wanaosafirisha peke yao, sisi wa kusambaza peke yetu. Wakaja wataalamu wa kukodi wenye kompyuta za kukunja. Walikuwa na adabu. Walituuliza kila mmoja anafanya nini, wakaandika, na baada ya miezi wakarudi na majina ya wanaoondoka. Mzee Msengi alikuwamo. Aliagwa kwa soda na mkono. Alipotoka getini alirudi tena ndani, nikadhani amesahau kitu. Alikuwa amerudi kukaza skrubu ya redio iliyokuwa imelegea.

Kazi ya nguzo ikapewa makandarasi. Wapo makandarasi wazuri, nimefanya nao kazi. Wapo pia waliochimba mashimo mafupi kwa sababu ardhi ya kwetu ni ngumu wakati wa kiangazi, wakasimamisha nguzo, wakapiga picha, wakaondoka. Mvua za kwanza zikija, nguzo zinaanza kuinama kama wazee msikitini. Lakini naomba nieleweke. Vijiji ambavyo sikuwahi kufikiri vitapata umeme vilipata. Mkiwa iliwaka. Mama Njou alinipigia simu kuniambia ana friji. Kwa hiyo sisemi mageuzi ni mabaya. Nasema yaliletwa na watu wasiokaa hapa kuona nguzo ikiinama.

Sasa nifike kwenye meza yangu. Tulikusanywa katika ukumbi wa hoteli mjini Singida, tukapewa biskuti, tukaonyeshwa michoro ukutani. Meza za dharura za wilaya zote zinafungwa. Kutakuwa na kituo kimoja kikubwa cha simu, mbali, katika jiji, na mteja atapiga namba moja ya bure. Ofisi yetu iliongozwa wakati huo na Injinia Nkungu, kijana Mnyaturu wa hapa hapa, mtulivu. Alinyoosha mkono kuuliza kama wilaya zenye vijiji vilivyotawanyika zingeweza kusubiri kidogo. Akaambiwa mageuzi hayasubiri. Nami nikauliza, waya ukianguka Kintinku, nani atajua Kintinku ni wapi? Msemaji akatabasamu. "Mama, mfumo utajua."

Mimi nikahamishiwa kaunta, kupokea maombi ya wateja wapya. Swichi ikabaki mikononi mwa Ntandu, kijana niliyemfundisha redio mwenyewe, ila sasa akapigwa marufuku kuzima laini bila kibali kutoka kituo kikubwa. Redio ikafungwa kwenye boksi.

Msimu uliofuata mvua zilikuja na upepo. Kulikuwa na mwanamke wa Kintinku, Mama Yohana, Mgogo, ambaye kila asubuhi alileta maziwa ofisini kwetu kwa ajili ya chai. Tulizoeana. Namsalimia "Mbukwenyi," anacheka Kigogo changu kisha ananijibu. Namba yangu ya simu alikuwa nayo kwa ajili ya oda za maziwa, si kwa kingine. Siku hiyo maziwa hayakuja. Mchana, nikiwa na wateja mbele yangu, akapiga.

"Bi. Salma, waya umeanguka huku kwenye njia ya lambo la ng'ombe. Umelala kwenye maji. Ng'ombe wetu wawili wamekufa."

"Umewapigia wa kituo kikubwa?"

"Tangu asubuhi. Wananiuliza namba ya mita. Nimewaambia mimi sina umeme nyumbani, sina mita. Wanasema mfumo haupokei taarifa bila namba ya mita."

Nikainuka. "Mama Yohana, mtu yeyote asisogelee maji. Yeyote."

"Baba Yohana anakwenda kumtoa wa tatu, bado anahema. Namwita, hanisikii."

Nikasikia akiita jina la mumewe, Malogo, mara nyingi, kisha simu ikawa ni kelele za watu. Nikachukua simu ya mezani nikampigia Ntandu.

"Zima laini ya Kintinku."

"Kwa kibali cha nani, Bi. Salma?"

"Changu."

"Wewe huna kibali."

"Najua. Kuna watu kwenye maji. Zima."

Nikasikia sauti nzito ya swichi, na sauti yake. "Laini ya Kintinku imezimwa. Nimeifunga kwa kufuli. Ufunguo ninao." Alisema kama nilivyomfundisha, mpaka neno la mwisho. Nami nikarudia maneno yake.

Malogo alikuwa ameshamshika ng'ombe. Ndugu zake wawili walikuwa wanakimbia kumvuta yeye, na walimfikia wakati waya umeshazimwa. Wale wapo hai mpaka leo. Yeye tulimzika kesho yake. Injinia Nkungu alikwenda nami kwa gari la ofisi, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na wafiwa bila kuambiwa, na hakuna hata mmoja pale aliyetutukana. Ningependa wangetutukana.

Siku ile ile ya mazishi ilifika taarifa kwamba mimi na Ntandu tunaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Walikuja watatu kutoka makao makuu. Mwenyekiti alikuwa mtu mnadhifu sana, na alianza kwa kunipa pole ya safari, ingawa aliyesafiri ni yeye.

"Kwa nini hukufuata mfumo?" akaniuliza.

"Mfumo ulikuwa bado unamuuliza mama namba ya mita."

"Hatuko hapa kujadili mfumo. Tuko hapa kujadili kwamba mtumishi wa kaunta alitoa amri ya kuzima laini."

Injinia Nkungu akaomba kusema. "Naomba iingie kwenye maelezo kwamba kwa amri hiyo watu wawili walipona."

"Hilo halimo kwenye hoja yetu, Injinia."

"Na aliyekufa?" nikauliza mimi. "Yumo kwenye hoja?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, sisi sote tunasikitika kwa kifo. Lakini leo tunazungumzia utaratibu."

Nimesikia maneno mengi mabaya katika maisha, mengine ya matusi ya nguoni kutoka kwa wateja waliokatiwa umeme. Hakuna lililonichoma kama hilo, lililosemwa kwa sauti laini na mtu aliyenawa mikono kabla ya kula. Nikamwambia utaratibu naujua, nimekaa nao tangu yeye yuko shule, na uliwekwa ili mtu asife. Ukishamwacha mtu afe halafu ukakaa kuulinda, unalinda nini? Akasema maelezo yangu yamepokelewa. Hakuna aliyeniambia yamepokelewa na nani.

Mimi nikapewa onyo kali. Ntandu, ambaye mkono wake ndio uliozima, akahamishiwa mkoa wa mbali, mkewe akiwa amejifungua majuzi. Nilikwenda kumuaga stendi. Akanitangulia kusema. "Bi. Salma, usijisumbue. Ningeizima tena." Akapanda basi.

Wengi wenu mmefika Injinia Nkungu akiwa ameshahamishwa naye, kwa hiyo hamjui alichofanya. Wiki ile ile alilifungua lile boksi kwa mkono wake, akaweka redio juu ya kaunta yangu, akaunganisha waya. "Mtu akiuliza," akasema, "ni pambo." Watu wa Kintinku, Kilimatinde na kwingineko wakaendelea kunipigia, nami nikaendelea kupokea, na makao makuu wakaendelea kutoona. Kila mara Injinia alipoandika ripoti kwamba mfumo ukubali taarifa kutoka kwa mtu asiye na mita, alijibiwa kwamba pendekezo linafanyiwa kazi.

Miaka ikapita, wakubwa wakabadilika, na siku moja tukaambiwa kuna mageuzi mapya, huduma inasogezwa karibu na mwananchi. Likaletwa turubai, viti vya plastiki, na kwaya. Utepe ukakatwa. Nyuma ya utepe kulikuwa na meza, simu, redio, na ramani ya wilaya ukutani. Ilikuwa na jina jipya refu, na chini yake kauli mbiu. Mgeni rasmi alisema wazo hilo limetokana na utafiti wa kina. Mimi nilipangiwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wafanyakazi. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Tunamshukuru marehemu Malogo wa Kintinku," nikakaa. Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Mgeni rasmi akamwinamia jirani yake kuuliza Malogo ni nani, na kwa jinsi jirani alivyotikisa kichwa nilijua hajui.

Ndiyo meza mnayoikalia ninyi sasa. Naomba msiwaachie waihamishe kwa sababu ya michoro ukutani. Wakija na biskuti, kuleni biskuti, kisha waulizeni asiye na mita atapiga wapi. Waulizeni kwa adabu, na wakitabasamu waulizeni tena. Mageuzi ya nishati hufanywa na watu wenye akili nyingi, nami siwadharau. Ila sijawahi kumwona hata mmoja aliyerudi Manyoni baadaye kuuliza ilikuwaje.

Wiki iliyopita nilikwenda Kintinku kumwona Mama Yohana, maana kazini sikuwa napata nafasi ya kukaa. Bado anauza maziwa. Njia ya kwake inapita mbele ya ofisi ya kijiji, na pale lipo bango jipya linalosema kijiji hiki kimefikiwa na umeme. Nguzo imesimama hatua chache kutoka uani kwake, safari hii imechimbiwa vizuri, niliikagua. Lakini nyumba haina waya. Usiku anawasha taa ndogo ya jua aliyonunuliwa na mwanawe.

Tulikunywa uji, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamwambia kwamba bado nafahamiana na vijana wa ofisini, kwamba kumwingizia umeme ni kazi ya asubuhi moja, na kwamba ningefurahi kulisimamia hilo mwenyewe.

Akatazama nje, upande wa lambo. Hakuwa na hasira. Hasira ilikuwa yangu.

"Asante, Bi. Salma," akasema. "Umeme ulishatufikia."

Akaniongezea uji.